Hesabu mapigo ya wimbo kabla hujaingia ukumbini

JUMAMOSI moja ya mwezi Desemba, katika sherehe ya harusi hapa mjini Machakos, jamaa za bibi harusi waliniomba nimchagulie baba yake wimbo wa kucheza na bintiye. Mzee alikuwa na umri wa miaka 67, na kwa muda mrefu alikuwa akimeza dawa za shinikizo la damu. Mimi nilijiona mjuzi, kwani santuri za zamani ndizo starehe yangu. Nikamwendea dijei, nikamwambia aweke rumba moja ya Kikongo, ya taratibu, inayomfaa mtu mzima.

Wimbo ulianza vyema. Mzee na bintiye walisogea polepole, na akina mama wakafuta machozi. Baada ya dakika nne hivi gitaa likabadilika, ngoma zikapamba moto na sebene ikaingia. Wageni wakapiga vigelegele na kumzunguka mzee. Nani angetoka ukumbini wakati huo, wakwe wote wakitazama? Akaendelea kucheza, na wimbo ukaendelea. Alipoketi hatimaye alikuwa akihema kwa nguvu, jasho baridi likimtoka, mkono mmoja kifuani.

Tulimkimbiza hospitalini. Bahati ilikuwa yetu, kwani alirudi nyumbani siku ya pili. Jambo lililonishangaza ni kwamba daktari hakumkataza kucheza densi. Alimwambia acheze mara kadhaa kila wiki, ila asikubali kuchezeshwa na wimbo asioujua unakokwenda. Kosa, kwa ufupi, lilikuwa langu mimi niliyechagua wimbo kwa kusikiliza mwanzo wake tu.

Siku hizi watu wengi wa mijini wamerudia densi za kucheza wawili wawili. Kuna wanaohudhuria jioni za rumba kila mwisho wa wiki, kuna wanaofundishwa walsi kwa ajili ya harusi, na kuna waliopewa shauri na daktari wafanye mazoezi lakini hawapendi kukimbia barabarani alfajiri. Wote hao huuliza wavae nini na wachezee wapi. Ni wachache wanaouliza swali lililo muhimu zaidi kwa moyo na magoti yao: wimbo huu una mapigo mangapi kwa dakika?

Namna ya kuhesabu

Kuhesabu ni rahisi. Chukua saa au simu yenye saa ya sekunde. Sikiliza wimbo mpaka mguu wako uanze kugonga sakafu wenyewe, kisha hesabu migongo hiyo kwa muda wa sekunde 15. Zidisha kwa nne. Ukipata 26, wimbo una mapigo 104 kwa dakika. Rudia kazi hiyo katikati ya wimbo na tena karibu na mwisho, kwa maana nyimbo nyingi hazimalizi kwa kasi zilizoanza nayo. Mimi sikufanya hivyo siku ile.

Jambo la pili ni kujua mapigo yamepangwa kwa mafungu ya ngapi. Nyimbo nyingi tunazosikia redioni, ziwe za injili, benga, rumba au za vijana wa leo, huenda kwa mafungu ya nne: moja-mbili-tatu-nne. Walsi peke yake, katika densi hizi za ukumbini, huenda kwa mafungu ya tatu, na pigo la kwanza ndilo zito. Ukitaka kuusikia mpango huo, imba ule wimbo wa siku ya kuzaliwa unaoimbwa watoto wanapokatiwa keki. Ule ni wa tatu. "Silent Night" wa Krismasi pia ni wa tatu.

Naandika haya kwa sababu nimeshuhudia maarusi zaidi ya mara moja wakifanya mazoezi ya walsi kwa wiki nzima, moja-mbili-tatu, halafu siku yenyewe wanawekewa wimbo wa mapenzi waupendao ambao ni wa mafungu ya nne. Miguu hugongana, bwana harusi hukanyaga gauni, na kifundo cha mguu cha bibi harusi aliyevaa kisigino cha inchi nne hupinduka. Fungate linaanza kwa barafu na bendeji. Na tahadhari nyingine: ngoma zetu nyingi za kienyeji zina vijipigo vitatu vitatu ndani ya kila pigo kubwa. Anayezisikia anaweza kudhani ni walsi, lakini mwili unazichezea kwa mbili au nne.

Kila densi na kasi yake

Walimu wa densi za ukumbini duniani wamekubaliana juu ya kasi ya kila mtindo, na hesabu zao zinamsaidia hata mtu asiyetaka kushindana. Walsi ya kawaida huchezwa kwa mapigo kati ya 84 na 90 kwa dakika. Hiyo ni kasi ya mtu anayetembea bila haraka, na ndiyo maana inawafaa wazee na wale wanaoanza. Lakini iko walsi nyingine, ile ya Vienna, ambayo huenda kwa mapigo 174 hadi 180, yaani maradufu, na wachezaji huzunguka bila kupumzika. "Blue Danube" wa Johann Strauss ni wa namna hiyo. Anayeuchagua kwa kuwa amewahi kuusikia kwenye filamu asishangae kizunguzungu kikimpata.

Foksitroti ya polepole ni mapigo 112 hadi 120, na tango ni 124 hadi 132. Kwikistepu hupita 200, nami sioni haja ya kuizungumzia, kwani wanaoicheza hapa kwetu ni wa kuhesabiwa kwa vidole. Ila tango inastahili neno moja. Kasi yake inaonekana kubwa kwenye saa, lakini mchezaji hutembea, husimama ghafla, hubadilisha upande na kuanza tena, akizoeza mwili kushika mizani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, waliwafundisha tango watu wenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa, wakaona kwamba mizani yao ya kusimama na kutembea iliboreka. Mzee anayeogopa kuanguka bafuni anaweza kufaidika kwa hatua hizo zikipigwa polepole, akiwa ameshikwa na mwenzake.

Rumba ya mashindano ni mapigo 100 hadi 108, cha-cha ni 120 hadi 128, na jaivu, ile ya kurusharusha miguu, ni 168 hadi 176. Samba ni 100 hadi 104 tu, na hapo ndipo namba pekee zinapoweza kumdanganya mtu. Ukitazama saa utadhani samba na rumba ni mizigo sawa. Sivyo. Katika rumba nyayo hukaa karibu na sakafu na kazi hufanywa na nyonga. Katika samba magoti hukunjwa na kunyooshwa ndani ya kila pigo, mwili mzima ukipanda na kushuka. Mwenye maumivu ya magoti atayahisi kesho yake asubuhi.

Rumba yetu si ile ya vitabuni

Mitindo hii haikufika kwetu kupitia walimu wa Ulaya pekee. Kuanzia miaka ya 1930 kampuni ya HMV iliuza Afrika santuri za muziki wa Kuba zilizojulikana kwa herufi GV, na bendi za Kongo, Tanganyika na Kenya zikajifunza kutoka kwazo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wanamuziki kama Fundi Konde walitumbuiza askari wa Afrika Mashariki waliokuwa India na Burma, na Wakamba walikuwa wengi katika vikosi hivyo. Cha-cha nayo ilizuka Kuba mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kufikia 1960 African Jazz ya Grand Kallé ilikuwa imerekodi "Indépendance Cha Cha" kusherehekea uhuru wa Kongo. Ndiyo maana babu aliyezaliwa Mbooni au Kangundo anaweza kukuonyesha hatua za cha-cha ambazo hakufundishwa darasani.

Lakini wanamuziki wetu waliigeuza rumba ikawa kitu kingine. Santuri ya zamani ya gramafoni ilibeba dakika tatu hivi kila upande, na wimbo ulilazimika kuisha hapo. Zilipokuja santuri kubwa, bendi zilipata nafasi ya kurefusha. "Mario" wa Franco na TPOK Jazz, wa mwaka 1985, ni mfano wa nyimbo ndefu kama hizo. Wimbo ukagawanyika sehemu mbili: mwanzo wa taratibu wenye maneno, kisha sebene, ambapo magitaa hupokezana na waimbaji hupunguza maneno. Watanzania huiita sehemu hiyo chemko, na jina lenyewe linajieleza.

Kwa mwenye afya njema mpango huu ni mzuri sana. Dakika za mwanzo hupasha misuli moto na dakika za mwisho huupa moyo kazi. Tatizo lipo kwa mgonjwa, kwani sebene humkuta akiwa tayari amecheza dakika nne au tano, wimbo haupoi tena hadi mwisho, na umati unamshangilia. Shirika la UNESCO liliiweka rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2021, na ni haki yake. Hata hivyo, mwenye ugonjwa wa moyo anafaa aicheze akijua mlango wa kutokea uko wapi. Afanye mapatano na mwenzake mapema: sebene ikiingia wataendelea kwa hatua zile zile za mwanzo, hatua moja kwa mapigo mawili, au wataketi. Rumba za akina Simba Wanyika na Les Wanyika ni rafiki zaidi kwa sababu nyingi hutembea kwa utulivu, lakini hata hizo zihesabiwe kwanza.

Benga ni habari nyingine. Ilianza na wapiga gitaa wa Kijaluo miaka ya 1960, na bendi za Ukambani zikaipokea na kuipa sura yake, zikiwemo Kilimambogo Brothers ya Kakai Kilonzo, Kalambya Boys na Kyanganga Boys ya Peter Mwambi. Hapa hakuna mwanzo wa kubembeleza. Ngoma ya chini hugonga kila pigo tangu sekunde ya kwanza na wimbo hupanda kutoka hapo. Usiianze jioni kwa benga. Moyo na misuli ambayo haijapashwa moto huumia upesi, hasa nyuma ya paja na ndama ya mguu. Ukiipanga katikati, watu wakiwa wamecheza robo saa, hakuna zoezi la raha kuishinda.

Na twisti? Daudi Kabaka aliifanya ipendwe nchi nzima miaka ya 1960, na harusi nyingi bado humkumbuka. Kasi yake si kubwa. Hatari yake ni kule kuzungusha goti likiwa limekunjwa na uzito wote wa mwili ukiwa juu yake. Aliyewahi kuumia kano za goti, au mwenye yabisi ya magoti, ageuze nyonga na mabega na kuacha kwenda chini. Watoto watacheka, waache wacheke.

Kuupanga muziki wa saa moja

Mwaka 2008 madaktari wa Italia wakiongozwa na Romualdo Belardinelli walichapisha utafiti juu ya wagonjwa ambao mioyo yao ilikuwa imedhoofika. Baadhi yao walifanya mazoezi ya kawaida ya hospitali na wengine wakacheza walsi, mara tatu kwa wiki kwa wiki nane. Kila kipindi kilikuwa cha dakika 21: dakika tano za walsi ya polepole, tatu za ile ya kasi, tano tena za polepole, tatu za kasi, na tano za kumalizia polepole. Waliocheza walipata nguvu sawa na wenzao wa mashine. Angalia mpangilio huo. Wimbo wa kasi ulikuwa mfupi kuliko wa polepole, na daima ulifuatwa na wa kupoza.

Huo ndio mpango ninaoupendekeza kwa anayechezea sebuleni kwake Mumbuni au Katoloni. Anza na nyimbo mbili za mapigo yasiyozidi 100. Weka moja ya kati, cha-cha kwa mfano. Rudi chini. Kisha weka benga au sebene moja ya dakika tatu, urudi chini tena, na umalize kwa wimbo wa taratibu kabisa. Usikate muziki ghafla na kujitupa kwenye kiti baada ya wimbo wa kasi, maana damu hubaki miguuni na kichwa huzunguka. Shirika la Afya Duniani hushauri watu wazima wafanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, na nusu saa ya densi mara tano kwa wiki inatimiza hesabu hiyo bila mtu kununua kifaa chochote.

Utajuaje kwamba kasi ni ya wastani kwako? Toa umri wako kutoka 220. Mapigo ya moyo unapocheza yawe kati ya nusu na asilimia 70 ya jibu. Mtu wa miaka 45 atapata 175, kwa hivyo moyo wake uende kati ya 88 na 122. Yule mzee wa harusi alifaa kubaki kati ya 77 na 107. Lakini usichanganye mapigo ya wimbo na mapigo ya moyo. Wimbo wa 120 haumaanishi moyo utapiga 120. Inategemea uzito wako, mazoea yako na hatua unazopiga. Isitoshe, baadhi ya dawa za presha na moyo, kama vile atenolol na propranolol, huushika moyo usiende kasi, na anayezimeza hawezi kutegemea hesabu hiyo. Huyo atumie kipimo cha mdomo: ukiweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba, kasi ni ya kadiri. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au mapigo yanayorukaruka ni amri ya kuacha na kutafuta daktari siku hiyo hiyo. Kwa hakika, aliye na presha, kisukari au ugonjwa wa moyo aonane na daktari kabla hajaanza.

Wenye kisukari wana mambo mawili ya ziada. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari awe na kitu kitamu mfukoni, kwani densi ya saa nzima inaweza kuiteremsha sukari kupita kiasi. Na asicheze peku, hata kama ni nyumbani kwake. Kidonda asichokihisi kinaweza kumgharimu mguu.

Viatu pia huenda na wimbo. Soli ya raba hung'ang'ania sakafu ya terazo: mwili unageuka, mguu unabaki, na goti linalipa. Kwa walsi na rumba zenye mizunguko, soli ya ngozi ni bora. Kwa benga, ambayo haina mizunguko mingi, raba haina ubaya.

Na sauti. Ikiwa huna budi kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, muziki umezidi na masikio yako yanaumia. Kanuni ambazo Shirika la Afya Duniani lilizitoa mwaka 2022 kwa kumbi za burudani zinataka wastani usizidi desibeli 100, na hata kiwango hicho si cha kukaa nacho usiku kucha. Kuna programu za simu za kukadiria. Usiketi karibu na spika, na usimpeleke mtoto mchanga huko.

Mzee wetu sasa ana umri wa miaka 69. Jumapili alasiri, baada ya ibada na chakula, yeye na mkewe husogeza meza ukutani na kucheza nusu saa. Ana karatasi yenye nyimbo 11, mbele ya kila wimbo ameandika mapigo yake kwa kalamu nyekundu. Ule wa siku ya harusi angali nao, umeandikiwa namba mbili, na sebene inapoingia huenda kuchemsha chai.